Pikapu Zilivyopanda Usangi

Reli iliyotoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Ilipita Same na tambarare ya Mwanga, ikaiacha Usangi huko juu kwenye milima ya Upare. Kuanzia hapo kila mzigo wa Wasangi ulikuwa na safari mbili: moja ndefu ya garimoshi, na nyingine fupi ya kushuka mlima, ambayo ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi. Maharage, ndizi na baadaye kahawa vilishuka kichwani na mabegani. Chumvi, nguo na mabati vilipanda vivyo hivyo. Hata mwaka 1945, maelfu ya Wapare walipoandamana kwenda Same kuipinga kodi ya mbiru, miguu ndiyo iliyokuwa usafiri wao.

Wakati huo pikapu zilikuwa tayari zinafanya kazi kwingineko duniani. Kampuni ya Ford ilianza kuuza gari dogo lenye bodi ya mizigo iliyotengenezwa kiwandani mwaka 1925, na wakulima wa Marekani wakalipokea kwa mikono miwili. Afrika Mashariki ilisubiri. Landrova ya Waingereza ilizinduliwa mwaka 1948, na kwa miaka mingi ndiyo iliyoaminika kwenye barabara za milimani kwa sababu magurudumu yake yote manne yalivuta. Toyota Hilux ilifuata kutoka Japani mwaka 1968.

Gari kuwapo duniani ni jambo moja, na mtu wa Usangi kulimiliki ni jambo jingine kabisa. Katika miaka ya 1970 uchukuzi wa mazao ulikuwa mikononi mwa umma: vyama vya ushirika, kisha mamlaka za mazao na kampuni za uchukuzi za mikoa. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Bei ya mafuta ikapanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza fedha za kigeni, na vipuri vikaadimika kiasi kwamba gari liliweza kukaa juu ya mawe kwa kukosa bearingi moja tu. Mkulima aliyevuna vizuri hakuwa na hakika kama lori lingefika kabla ndizi hazijaiva.

Aliyetangaza mageuzi ya kuibadili hali hiyo alikuwa mtoto wa Usangi. Cleopa David Msuya, aliyezaliwa huko mwaka 1931, alikuwa Waziri Mkuu tangu 1980 hadi 1983, kisha akarudi Wizara ya Fedha. Katika bajeti ya Juni 1984 serikali ilishusha thamani ya shilingi na kuruhusu jambo ambalo mwaka mmoja tu kabla, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, lingemtia mtu matatani: mwenye fedha zake za kigeni aliweza kuagiza bidhaa kutoka nje bila kuulizwa alizipata wapi. Pikapu zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyokimbiliwa. Rais Ali Hassan Mwinyi alipoingia madarakani mwaka 1985, mlango ulifunguliwa zaidi, na magari madogo ya mizigo yakaenea nchini. Dar es Salaam, pikapu zilizofungwa mabenchi mawili yanayotazamana zikawa daladala, watu wakaziita chai maharage.

Vijijini pikapu ilibaki kuwa gari la mzigo, na milimani ilipata kazi iliyoifaa hasa. Lori kubwa linataka mzigo mkubwa, barabara pana na muda. Pikapu haisubiri lolote kati ya hayo. Mwenye mikungu ishirini anakodi, anapakia, anashuka. Mwenye kujenga ananunua saruji na mabati Mwanga mjini na kuvipandisha siku hiyohiyo. Saruji inaeleza hesabu yote: mfuko mmoja ni kilo 50, kwa hiyo mifuko ishirini ni tani moja, uwezo wa kawaida wa pikapu nzima.

Wengi huzidisha. Ndiyo maana fundi springi ni mtu muhimu katika biashara hii. Pikapu ya kukodi huongezewa majani ya springi nyuma, bodi ikazungushiwa mabomba ya chuma ya kufungia kamba, na utingo hukaa tayari na kigogo cha kuwekea tairi gari likigoma kwenye kona. Kupanda kunachosha injini, lakini kushuka ndiko kunakomwonyesha dereva anayejua kazi. Anayetegemea breki peke yake zitamchemkia kabla ya kufika Mwanga. Mzoefu anaingiza gia nzito tangu juu, anaiacha injini izuie gari. Na gunia la lumbesa, lenye kilemba kilichoshonewa juu, likipangwa vibaya huhamisha uzito upande mmoja wakati kona inavuta upande mwingine.

Huko Texas na majimbo jirani ya Marekani, kazi hii ya kukodisha pikapu kwa mizigo hufanywa kwa pikapu kubwa za dizeli zenye tairi nne nyuma, zinazovuta tela refu lenye shingo iliyofungwa katikati ya bodi. Kazi hiyo ilikua kwenye visima vya mafuta: mtambo ukisimama kwa kukosa kifaa kimoja, gharama za kusubiri lori zilizidi kodi ya pikapu. Tela la namna hiyo lisingeweza kuzunguka kona za barabara ya Usangi, na wakati wa kushuka lingelisukuma gari lenyewe. Usangi mzigo wote unakaa mgongoni mwa gari.

Dharura, hata hivyo, zipo pande zote mbili. Milimani pikapu imebeba wagonjwa kwenda Hospitali ya Usangi au KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, na imewarudisha marehemu kuzikwa kwao. Kazi hizo hazisubiri siku ya soko. Ni haki kuzihesabu katika historia ya gari hili sawa na tani za kahawa.

Leo mshindani mkubwa wa Hilux kuukuu ni kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo kutoka Japani. Sheria za Japani zinaweka ukomo wa injini yake kuwa sentimita za ujazo 660 na mzigo kilo 350, yaani mifuko saba ya saruji. Kwa karatasi ni kigari cha mjini. Lakini bei yake ni nafuu, kinanywa mafuta kidogo, usukani wake upo kulia kama inavyofaa Tanzania, na kijana anaweza kukinunua bila kuuza shamba la ukoo. Barabara ikitengenezwa, kirikuu hupanda. Mvua za masika zikiichimba na utelezi ukizidi, wenye mizigo hurudi kwenye kijiwe cha pikapu zenye magurudumu manne ya kuvuta, na bei ya kukodi hupanda siku hiyohiyo.