Kifaa cha GPS kinapokataa kuzungumza na tarakilishi

Ndovu wa Tsavo walihesabiwa kutoka angani mnamo 2005, 2008, 2011, 2014 na 2017. Sensa ya 2008 ilipata zaidi ya ndovu 11,600, na ile ya 2011 zaidi ya 12,500. Katika kazi ya namna hiyo, mtazamaji aliye ndani ya ndege akiona kundi hubonyeza kitufe cha kifaa cha GPS ili kuhifadhi mahali hapo. Hata hivyo, pointi hizo hazina faida hadi zihamishwe kutoka kwenye kifaa hadi kwenye tarakilishi, na aghalabu hapo ndipo kazi hukwama.

Mbuga mbili za Tsavo zimechukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta, na makao makuu ya Tsavo Mashariki yako Voi. Kwa mkulima wa Sagalla au Kasigau, mahali walipo ndovu ni suala la mahindi yake na maji yake. Pointi zikipotea, hakuna wa kuwarudisha ndovu mahali walipokuwa siku ile.

Vifaa vya miaka ya 2000, kama vile eTrex ya kampuni ya Garmin iliyoingia sokoni mwaka wa 2000, vilitumia waya wa siria, ambao hupitisha biti moja baada ya nyingine. Tarakilishi za mkononi za Palm ziliongeza miale ya infraredi. Anayetoa kifaa kama hicho kabatini leo anafaa kufuata hatua zifuatazo.

Usifute chochote

Jambo la kwanza si kurekebisha bali ni kuhifadhi. Weka betri mpya, kisha unakili pointi muhimu kwa kalamu kutoka kwenye kioo. Zima pia uwezo wa kurekodi njia, kwa kuwa katika vifaa vingi kumbukumbu ikijaa, sehemu ya mwanzo ya safari hufutwa ili kupisha mpya. Usikubali ushauri wa kurudisha kifaa katika hali ya kiwandani.

Lugha na kasi

Pande zote mbili sharti zikubaliane. Lugha ya Garmin yenyewe hutumia kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, ilhali ile ya kawaida ya vifaa vya majini, NMEA 0183, hutumia 4,800. Kifaa kikiwekwa kwenye NMEA, hutangaza mahali kilipo wakati huo, lakini kwa kawaida hakitoi pointi zilizohifadhiwa. Herufi zisizosomeka zikitokea, kasi hazilingani. Kimya kikitanda, chunguza waya, lugha au nambari ya COM iliyochaguliwa. Mawasiliano yakianza kisha yakakatika, shuku betri au kiungo kilicholegea.

Waya

Tarakilishi za kisasa hazina soketi ya siria, hivyo huhitaji adapta ya USB. Adapta inaweza kupewa nambari mpya ya COM kila inapochomekwa mahali tofauti. Ili kuijaribu, ondoa kifaa, unganisha pini ya 2 na ya 3 kwa kipande cha waya, kisha uandike herufi katika programu ya mawasiliano. Herufi zikirudi, adapta ni nzima na kosa liko mbele yake. Zisiporudi, kosa liko kwenye adapta au tarakilishi. Funga pia programu nyingine yoyote inayotumia njia hiyo, kama ile ya kulinganisha data za Palm, kwa sababu huishika peke yake. Asiye fundi asiunganishe adapta ya RS-232 moja kwa moja na saketi ya ndani ya GPS: umeme wake unaweza kuiunguza.

Infraredi

Miale hii ilikusudiwa umbali usiozidi mita 1, ndani ya pembe ya nyuzi 15 kila upande. Jua la Voi lina infraredi nyingi inayofunika ishara dhaifu. Kwa hivyo ingia kivulini, panguza vumbi, na uweke vifaa vikitazamana kwa umbali wa sentimita 20 hivi. Kamera ya simu huweza kuonyesha taa ya infraredi ikimweka kwa rangi ya zambarau iliyofifia. Kamera ya nyuma isipoionyesha, jaribu ya mbele. Vifaa hutambuana kwa kasi ya 9,600 kabla ya kupanda, pengine hadi 115,200. Vikitambuana kisha vikashindwa, punguza kasi ya juu.

Data zikishahamishwa, hesabu pointi za pande zote mbili na uzilinganishe na daftari. Idadi zikilingana, hifadhi nakala ya pili mahali pengine. Baada ya hapo ndipo kumbukumbu ya kifaa inaweza kufutwa.