Wauzaji wa Njia: Magendo ya Pwani Katika Soko la Dunia

Tarehe 8 Agosti 1905, Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi mjini The Hague ilitoa uamuzi kuhusu majahazi ya watu wa Sur, bandari ya Oman. Kwa miaka mingi manahodha wa Sur walikuwa wakijipatia hati na bendera za Ufaransa. Ufaransa haikukubali vyombo vyenye bendera yake vipekuliwe na manowari za Uingereza, na baadhi ya vyombo hivyo vilibeba watumwa kutoka pwani yetu kwenda Uarabuni. Waamuzi wakasema kwamba tangu Januari 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kuwapa bendera raia wa Sultani wa Muscat, isipokuwa wale waliokuwa chini ya ulinzi wake kabla ya 1863. Kesi yenyewe ilikuwa kati ya Uingereza na Ufaransa. Mtu wa Sur, aliyekuwa amegundua pengo kati ya sheria za dola mbili na kulipitisha jahazi lake humo, hakuwa mdai wala mdaiwa.

Naanza na kesi hiyo kwa sababu siku hizi tukizungumzia utandawazi na uhalifu tunasema kana kwamba mambo yote yaliletwa na ndege, simu na kontena. Yaani zamani palikuwa na wezi wetu wa kawaida, kisha dunia ikafunguka wakaja wakubwa wa nje. Historia ya pwani ya Afrika Mashariki inasimulia mengine. Magenge ya hapa yamekuwa na uhusiano na ng'ambo tangu mwanzo, na yanaishi kwa tofauti mbili: tofauti ya bei kati ya bandari na bandari, na tofauti ya sheria kati ya serikali na serikali. Soko la dunia likizipanua tofauti hizo genge hunenepa, zikipungua hukonda. Kilichobadilika katika miaka arobaini iliyopita ni kile ambacho genge linauza. Zamani liliuza mali ya huku kwetu, iwe halali au haramu. Leo, kwa sehemu kubwa, linauza njia.

Ushahidi wa kale zaidi ni biashara ya watumwa yenyewe. Ilikuwa biashara ya wazi hadi mikataba ilipoanza kuibana: ule wa 1822, ule wa 1845 uliokataza kuwasafirisha watumwa kwenda Uarabuni, na ule wa Juni 1873 ambao Sultani Barghash alishurutishwa kuutia saini, soko la Zanzibar likafungwa. Mahitaji hayakufungwa. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalitaka mikono. Huko Ghuba, mitende na uzamiaji lulu vilikuwa vikipanuka kwa sababu wanunuzi wa mbali, Wamarekani wakiwamo, walikuwa wakila tende na kuvaa lulu kuliko wakati wowote kabla. Kazi ile ile ikahamia usiku na vijito vya mikoko. Desemba 1881, karibu na Pemba, Kapteni Brownrigg wa manowari HMS London alilisogelea jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa na lililokuwa na watumwa ndani, akauawa pamoja na baadhi ya watu wake. Atakayesema kwamba kuiita biashara hii uhalifu wa kupangwa ni kuwavika watu wa kale nguo za leo ana hoja kwa miaka ya kabla ya mikataba. Baada ya 1873 hana. Hapo tayari pana mtaji, mawakala, wapagazi, nahodha, hati za kigeni na maofisa wa kufumba macho, na wote wanajua kwamba wanalolifanya limekatazwa. Uovu wake ulikuwapo hata lilipokuwa halali, lakini hilo ni suala jingine.

Lazima niseme pia kwamba doria za Waingereza hazikuwa safi. Manowari zililipwa tuzo kwa watumwa waliookolewa na kwa ukubwa wa chombo kilichoharibiwa, na katika miaka ya 1860 majahazi mengi ya wafanyabiashara halali yalichomwa moto na mabaharia waliokuwa wakihesabu tani. Tangu zamani, basi, mtu wa pwani amekuwa na sababu nzuri ya kutomwamini mpekuzi wa kigeni, na mfanya magendo amejua kujificha nyuma ya sababu hiyo.

Bei nayo huweza kufanya peke yake kazi ambayo genge lingechukua miaka kuifanya. Julai 1975 barafu iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa hadi kilele chake mwaka 1977. Wakati huo Uganda ya Idi Amin ilimlipa mkulima kidogo, tena kwa shilingi isiyonunua kitu. Kahawa ikavuka mpaka kwa punda, kwa magari na kwa vichwa vya watu, ikapitia miteremko ya mlima Elgon hadi Chepkube, upande wa Bungoma nchini Kenya, na kijiji kikawa soko la matajiri kwa misimu michache. Hakuna bwana wa ng'ambo aliyekuja Chepkube kuanzisha genge. Barafu ya Brazil na bodi ya mazao ya Kampala zilitosha. Pemba imeyajua hayo kwa karafuu. Kila mara shirika la serikali lilipolipa pungufu sana ya bei ya nje, magunia yalitoka usiku kupitia bandari bubu kwenda Mombasa, na Kenya, isiyo na mashamba ya karafuu ya kutajika, ikaonekana inauza karafuu.

Pembe za ndovu zinaonyesha namna sheria inavyoweza kubadilisha jina la biashara bila kubadilisha njia zake. Katika karne ya 19 pembe zilizoletwa na misafara ya akina Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, zilipakiwa Zanzibar kwenda Bombay, London na Marekani, ambako miji midogo ya Connecticut kama Deep River na Ivoryton ilizigeuza kuwa vibao vya piano. Mwaka 1989 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe. Mwaka huo huo Rais Moi alichoma tani 12 hadharani, na Tanzania ikaendesha Operesheni Uhai dhidi ya majangili. Ujangili ulipungua. Kisha tabaka jipya la wenye fedha likakua Asia, na takwimu za Tanzania zikaanguka: kutoka tembo wapatao 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Jahazi halikuhitajika tena kwa sehemu kubwa ya mzigo huo. Mwaka 2015 shehena za tani tatu na zaidi zilikamatwa Thailand na Singapore zikiwa zimefichwa ndani ya makontena ya chai yaliyotoka Mombasa. Hapo ndipo kontena lilipoleta jambo jipya kweli. Halikuleta tamaa, hiyo ilikuwapo. Liliwezesha mzigo kupita mbele ya macho ya forodha ukiwa na karatasi halali, hata karani mmoja mwenye muhuri akawa na thamani kuliko nahodha mwenye ujuzi wa miamba.

Hapa huibuka pingamizi la kwanza, nalo ni zito: kwamba wakubwa ni wageni, sisi ni vibarua tu. Kesi ya Yang Fenglan hutajwa kuthibitisha hilo. Mama huyu wa Kichina alihukumiwa miaka 15 na mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, Februari 2019 kwa kusafirisha mamia ya meno ya tembo. Lakini tuitazame kesi hiyo vizuri. Alifika Tanzania katika miaka ya 1970 akiwa mkalimani wa Kiswahili kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, baadaye akafungua mgahawa mjini na kushika cheo katika jumuiya ya wafanyabiashara. Watanzania wawili walihukumiwa pamoja naye. Nguvu yake ilitokana na miaka mingi ya kuishi hapa, kusema lugha ya hapa na kujuana na watu wa hapa. Mgeni asiye na wenyeji hana njia ya kununua, na mwenyeji anayeiuza si kibarua, ni mshirika mwenye bidhaa yake.

Heroini imeliweka jambo hili wazi zaidi, kwa sababu haioti kwetu na kwa sehemu kubwa haikukusudiwa kwetu. Kwa miongo mingi, hadi kilimo chake kilipopigwa marufuku mwaka 2022, afyuni ililimwa zaidi Afghanistan; unga hupakiwa katika majahazi kwenye ufuko wa Makran, mpakani mwa Iran na Pakistan, na walaji wenye fedha wako Ulaya na kwingineko. Njia ya nchi kavu kupitia Uturuki na Balkan ilipobanwa, njia ya kusini ikapata thamani. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 katika jahazi karibu na Mombasa, zikiwa zimechanganywa na mifuko ya saruji. Kwa desturi ya doria hizo za bahari kuu, shehena huteketezwa huko huko na mabaharia huachiwa waende zao, maana mamlaka ya kuwashitaki hayapo. Watu wa Sur wangelielewa pengo hilo mara moja. Miezi michache baadaye Kenya ilikamata meli Amin Darya ikiwa na heroini ya mamia ya kilo na kuilipua baharini, Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia.

Familia ya Akasha ya Mombasa ndiyo mfano unaojulikana zaidi wa wauza njia. Baba, Ibrahim Akasha, alipigwa risasi Amsterdam mwaka 2000. Wanawe, Baktash na Ibrahim, walikamatwa Mombasa Novemba 2014 kwa mtego wa maofisa wa Marekani, pamoja na Mhindi na Mpakistani. Walipelekwa New York Januari 2017, wakakiri makosa mwaka 2018, na kuhukumiwa miaka 25 na miaka 23. Katika ungamo lao limo kosa ambalo kwa hoja yangu lina uzito kuliko kilo za unga: kuhonga maofisa wa Kenya ili kesi ya kuwahamisha isiende mbele. Mpakistani alikuwa na mzigo, Mhindi alikuwa na uzoefu wa kemikali na masoko ya kusini. Ndugu wa Mombasa walileta ulinzi, yaani kuwafahamu polisi, mawakili na mahakama. Wengine watasema basi tatizo ni rushwa tu, utandawazi unasingiziwa. Nadhani wanakata kamba nusu. Askari wa mwaka 1970 naye alihongeka, ila hakuna aliyekuwa na sababu ya kumlipa fedha za kujengea ghorofa. Bei ya ofisa hupangwa na bei ya mzigo, na bei ya mzigo hupangwa London na Johannesburg.

Biashara ya kupitisha haipiti bila kuacha kitu. Wasaidizi wengi wa wazungu wa unga, yaani wauza dawa wakubwa, hulipwa sehemu ya ujira kwa mali yenyewe, nao huikata kete wakaiuza mtaani. Ndivyo Mombasa, Malindi, Unguja na Dar es Salaam zilivyopata mateja wake tangu miaka ya 1980 na 1990, kwanza wa kuvuta, kisha wa kujidunga sindano, VVU ikifuatana nao. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, na Kenya na Zanzibar zikafuata. Kijana anayengoja dozi yake pale asubuhi hana habari na Balkan, lakini arosto inayomtesa ina uhusiano na mpaka uliofungwa huko.

Labda pingamizi gumu kuliko yote ni lile linalosema kwamba dawa imeshapatikana: sheria nayo imetandawaa, mtu wa Mombasa anahukumiwa Manhattan, na Tanzania imekuwa na mamlaka maalumu ya kupambana na dawa za kulevya tangu 2017. Nakubali kwamba vichwa vikubwa vimeondoka. Njia haikuondoka nao. Desemba 2023 mamlaka hiyo ya Tanzania ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, kiasi ambacho nchi haikuwahi kukamata kwa mkupuo. Baadhi ilikamatwa Dar es Salaam na nyingine Iringa, mji usio na bahari ila ulio kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia na nchi za kusini.