Hatukulipwa au tukalipwa? Historia ya kikopo cha peremende

Leo naanza na aibu yangu mwenyewe. Niliwahi kuandika habari ya wastaafu waliokuwa wakidai mafao yao. Mzee mmoja niliyemhoji alisema, kwa jinsi nilivyomsikia, "tukalipwa". Nami nikaandika kwamba walilipwa. Gazeti lilipotoka akanipigia simu. Hakufoka. Aliniambia tu: "Mwanangu, mimi nilisema hatukulipwa." Silabi moja ilimezwa na kelele za pangaboi, na madai ya watu yakageuka kuwa shukrani!

Mhariri alitaka uhakika kabla ya kusahihisha. Nikakaa ofisini kuisikiliza ile sauti upya. Luninga inapiga kelele, jenereta la jirani linanguruma, wenzangu wanabishana mpira. Kwa vile visikizi vidogo vya simu sikuambulia kitu.

Mtaani kwetu kuna mzee aliyekuwa fundi mitambo wa redio. Akanipa hedifoni zake za zamani, AKG K240, zenye ukinzani wa omu 600. Nikazichomeka kwenye kompyuta kwa furaha, lakini sauti ikawa kama inatoka chumba cha tatu. Mzee akacheka. "Hizo zinataka volti, kijana. Tengeneza amplifaya."

Nikadhani ni kazi ya jioni moja. Kumbe nilikuwa nimefungua mlango wa historia ndefu.

Hedifoni zenyewe zilianzia jikoni. Mwaka 1910, Nathaniel Baldwin wa jimbo la Utah, Marekani, aliwapelekea wanamaji wa nchi yake hedifoni alizozitengeneza nyumbani. Walipozijaribu wakazipenda, wakaagiza nyingine. Siku hizo ishara ya redio ilikuwa dhaifu mno, hivyo sifa ya hedifoni ilikuwa kutoa sauti kutokana na umeme kiduchu.

Baadaye mambo yakageuka. Mitambo ya studio ilikuwa na volti za kutosha, kwa hiyo hedifoni za omu 600 hazikuwa tatizo. Lakini Sony ilipotoa Walkman mwaka 1979, muziki ukaanza kutembea na betri mbili ndogo. Kifaa chenye volti chache kinahitaji hedifoni zenye ukinzani mdogo, na ndiyo maana visikizi vya simu vingi vina omu 16 au 32 tu. Chukua chanzo kinachotoa nusu volti. Kwenye omu 32 unapata karibu miliwati 8. Kwenye omu 600 hupati hata nusu miliwati. Kompyuta yangu haikuwa mbovu. Ilikuwa imekutana na kifaa cha zama nyingine.

Sasa tuje kwenye amplifaya. Moyo wake ni kichipu kinachoitwa op-ampu, na asili yake ni vita. Mwaka 1941 Karl Swartzel wa Bell Labs aliomba hataza ya sakiti ya kujumlisha ishara za umeme. Sakiti za aina hiyo ziliingia kwenye M9, mtambo uliokokotoa mahali pa kuelekeza mizinga ya kutungulia ndege. Mwaka 1944 mitambo hiyo ilisaidia kuyadungua mabomu ya V-1 yaliyokuwa yakirushwa kuelekea London. Wakati huo kazi hiyo ilifanywa na taa za vioo. Mwaka 1968 kampuni ya Fairchild ikatoa op-ampu ya 741, iliyobuniwa na Dave Fullagar, ndani ya chipu ndogo kuliko ukucha. Kitu kilichozaliwa kwa ajili ya mizinga kikawa cha kununuliwa dukani na mtu yeyote.

Ndipo wakaja watu wawili walionipa shida ya kuchagua.

Wa kwanza ni Chu Moy, Mmarekani aliyechapisha mwishoni mwa miaka ya 1990 mchoro wa amplifaya ya mfukoni. Betri moja ya volti 9, op-ampu moja yenye njia mbili, rezista na kapasita chache. Watu waliulehemu duniani kote, na wengi wakautia kwenye kikopo cha peremende za Altoids. Ukaitwa CMoy. Udhaifu wake ni kwamba betri hiyo moja hugawanywa katikati kwa rezista mbili, na "sifuri" inayopatikana hapo huyumba kazi ikizidi.

Wa pili alijiita NwAvGuy. Mwaka 2011 alitoa mchoro wa O2, wenye betri mbili za volti 9, moja ya upande chanya na nyingine ya upande hasi, pamoja na vipimo vya kila hatua. Hoja yake ilikuwa kwamba ubora hupimwa, hausifiwi kwa maneno matamu. Aliruhusu yeyote autengeneze na hata kuuuza, ilimradi asiubadilishe. Mwaka 2012 akanyamaza.

Kwa vipimo, O2 inashinda, sibishi. Lakini inataka bodi maalumu ya kuagiza, tena adapta yake lazima itoe umeme wa AC, wakati adapta nyingi za madukani hutoa DC. Mimi nilikuwa na mzee anayesubiri. Nikaenda Kariakoo, nikarudi na vifaa vya CMoy kwenye mfuko mmoja. Hedifoni za omu 600 huvuta mkondo mdogo, hivyo ule udhaifu wa sifuri haukunitisha. Nikalehemu usiku mbili, moja ya kuharibu na moja ya kurekebisha.

Niseme ukweli: amplifaya haisafishi sauti. Ilikuza pangaboi kama ilivyomkuza mzee. Lakini sasa hedifoni nzuri zilikuwa na nguvu ya kufanya kazi yake, na zilifunika masikio yangu kiasi cha kutosha. Nikarudisha sekunde ile mara tatu. Kabla ya "tu" kulikuwa na pumzi fupi, "ha", kisha "ku" badala ya "ka". Hatukulipwa.

Masahihisho yalitoka kwenye ukurasa wa ndani, mistari minne. Nilimsomea mzee kwa simu. Akauliza, "Sasa umesikia?" Nikamjibu, nimesikia.

Kikopo kiko mezani kwangu hadi leo. Wenzangu hudhani kina peremende.