Tarehe ya Jurabu za Pamiri

Katika majabali ya Badakhshan, ambako mto Panj umeigawa nchi moja, ng'ambo moja ikawa Tajikistani na ya pili Afghanistani, watu wa Shughnan, Rushan na Wakhan huvaa jurabu, soksi nene ya sufu ifikayo karibu na goti. Na aliyesoma fiqhi chuoni hatalistaajabia jina hilo, maana ni lile lile jawrab la Kiarabu, ambalo Waarabu nao walilipokea kwa Waajemi.

Wanawake huisokota sufu, wakaitia rangi, kisha wakaifuma kuanzia ncha ya vidole kupanda juu, na nakshi hushamiri upande wa goti. Sababu yake ni kiatu. Zamani watu hao wakivaa pekh, buti laini ya ngozi isiyo na kisigino, iliyokazwa kifundoni kwa ugwe wa sufu, kwa kuwa kiatu kigumu hakikufaa katika ovring, njia za fito na matawi zilizopachikwa ubavuni mwa jabali juu ya mto, ambako mguu sharti upapase kwanza ndipo ukanyage. Basi jurabu ikachukua kazi ya kuzuia baridi, na ile sehemu iliyochomoza juu ya buti ikachukua fahari yote.

Mwaka 1895 Waingereza na Warusi waliafikiana kuufanya mto huo mpaka, na jamaa wa ukoo mmoja wakawa raia wa dola mbili. Baadaye Wasovieti walipasua barabara ya Osh hadi Khorog mwanzoni mwa miaka ya 1930, malori yakaleta viatu vya kiwandani, pekh ikatoweka. Jurabu, ambayo kwa kiasi ndiyo iliyokuwa mtumishi wake, ikabaki.

Wengi wa watu hao ni Ismailia, na imamu wao, Aga Khan wa nne, yule aliyetawazwa Dar es Salaam mwaka 1957, aliwazuru Khorog mwaka 1995 katikati ya vita na njaa. Mwaka 2002 daraja la Tem likaziunganisha tena ng'ambo mbili. Siku hizi sokoni zimo jurabu fupi za nyuzi za kiwandani, zenye kung'aa kupita sufu. Kwa joto, hazifui dafu mbele yake.