Kichwangomba cha Nagano

Februari 12, 1998, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi mjini Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10 za kuteleza kwenye theluji. Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyeshinda mbio hizo, alikuwa bado kwenye mstari akimngoja ili amkumbatie. Kisa hicho Wakenya tumekisimulia mpaka kikawa cha nyumbani. Siku nane baadaye, katika michezo hiyo hiyo, Surya Bonaly wa Ufaransa, mwanamke mweusi mwenye umri wa miaka 24, aliruka kinyumenyume juu ya barafu, miguu ikapita juu ya kichwa, akatua kwa mguu mmoja. Kanuni zilikataza, majaji wakamkata alama, akamaliza wa 10. Tangu hapo tendo lile husimuliwa kama hasira za mtu aliyeona ameshindwa. Naona tofauti. Ile ilikuwa hoja, tena iliyopangwa vizuri, na waliopaswa kuijibu hawakuijibu.

Ili kuielewa hoja yenyewe, lazima kwanza tujue mchezo wa kuteleza kwa madaha ulivyokuwa ukihukumiwa. Enzi hizo majaji walikuwa tisa, na kila mmoja alitoa alama mbili ambazo kilele chake kilikuwa 6.0: moja ya ufundi, nyingine ya mvuto. Ya ufundi ina pa kushikia, kwa kuwa mruko wa mizunguko mitatu ama umetimia ama haukutimia. Ya mvuto ilikaa machoni mwa jaji. Mfano wa karibu uko Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi. Mnunuzi pale haridhiki na macho peke yake. Anamshika mbuzi mgongoni, anabonyeza vidole pande zote mbili za uti kutafuta nyama, ndipo bei ianze kuzungumzwa. Naye hukadiria, na hukosea pia, lakini akikosea hasara anaila mwenyewe kabla jua halijatua. Jaji wa barafuni alikadiria bila kugusa kitu, na alipokosea, mwenye kulipa alikuwa mchezaji.

Mwaka 1994 malipo hayo yalionekana mara mbili ndani ya wiki chache. Februari, huko Lillehammer, dhahabu ya Olimpiki ilimwendea Oksana Baiul wa Ukraine, si Nancy Kerrigan wa Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne. Machi, kwenye mashindano ya dunia mjini Chiba, Bonaly na Yuka Sato wa Japani walifungana kwa jumla. Kilichoamua ni programu ndefu, na humo tena ikawa watano kwa wanne, Sato akashinda. Wakati wa kutunukiwa, Bonaly alisimama kando ya jukwaa badala ya kupanda. Alipovutwa juu akapanda, kisha akaivua nishani ya fedha shingoni huku ukumbi ukimzomea. Hiyo ilikuwa fedha yake ya pili katika mashindano ya dunia, baada ya ile ya Prague mwaka 1993, na mwaka 1995 mjini Birmingham akapata ya tatu. Ulaya alikuwa bingwa miaka mitano mfululizo, 1991 hadi 1995. Kitendo cha Chiba hakikuwa cha kiungwana, na wala sikitetei kwa upande huo. Sato aliteleza vizuri na hakustahili kuharibiwa sherehe nyumbani kwao. Lakini mtu aliyekosa ubingwa wa dunia kwa kalamu ya jaji mmoja tu ana haki ya kuuliza kalamu hiyo iliandika kwa kigezo gani.

Wapo wanaosema suala la rangi halina nafasi hapa, na ushahidi wao ni Debi Thomas. Mmarekani huyu mweusi, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford, alimshinda Katarina Witt wa Ujerumani Mashariki na kuwa bingwa wa dunia mjini Geneva mwaka 1986. Miaka miwili baadaye, Calgary, wote wawili waliingia uwanjani na muziki wa Carmen. Thomas akakosea mruko mapema, moyo ukamvunjika mbele ya dunia nzima, akamaliza wa tatu. Hata shaba hiyo ilimfanya mtu mweusi wa kwanza kupata medali ya Olimpiki za majira ya baridi. Pingamizi hili lina uzito, maana linatuzuia kudai kwamba mlango ulikuwa umefungwa kabisa. Hata hivyo Thomas alifaulu kwa kuteleza kwa namna ambayo majaji tayari waliiita nzuri. Kabla yake Mabel Fairbanks alikuwa akifukuzwa kwenye viwanja vya barafu vya New York miaka ya 1930 kwa rangi yake tu, na alipokuwa mwalimu akawafungulia wengine njia. Swali la Bonaly lilikuwa jingine: je, mwili wenye nguvu za sarakasi, wenye kuruka badala ya kuelea, nao unaweza kuitwa mzuri?

Pingamizi zito kuliko hilo ni kwamba kweli alikuwa na kasoro. Kati ya mruko na mruko miguu yake haikuwa na ule mtiririko wa Sato, na wakati mwingine alitua mizunguko ikiwa haijatimia. Nakubali. Midori Ito, ambaye mwaka 1988 alikuwa mwanamke wa kwanza kutua mruko wa Axel wa mizunguko mitatu katika mashindano, naye alikuwa mtu wa nguvu na mwenye umbo lisilofanana na la mwanasesere, na bado akawa bingwa wa dunia mwaka 1989. Kwa hiyo nguvu zilivumilika. Ila kasoro ni hesabu, na hesabu inaweza kuonyeshwa. Kumwambia mchezaji kwamba hana madaha bila kumwonyesha yamepungua wapi ni kumtuma sokoni bila kumtajia bei.

Hapo ndipo Nagano inapoingia. Kichwangomba kilikuwa kimepigwa marufuku tangu miaka ya 1970, baada ya Terry Kubicka wa Marekani kukifanya kwenye Olimpiki ya 1976. Sababu zilizotajwa zaidi zilikuwa mbili: kwamba ni hatari, na kwamba mchezaji hutua kwa miguu miwili ilhali miruko halali ya mchezo huu hutua kwa mmoja. Bonaly, ambaye kano ya kisigino chake ilikuwa imekatika mwaka 1996, alishika nafasi ya sita baada ya programu fupi. Katika programu ndefu alianguka, akajua medali imekwenda. Basi akachagua. Akateleza kinyumenyume, akainama kidogo, akapinduka, na chuma cha kiatu kimoja kikagusa barafu huku mguu wa pili ukiwa bado hewani. Sababu ya pili ya marufuku ikabaki haina miguu. Mwisho wa muziki alisimama akiwageukia watazamaji, mgongo kwa majaji. Atakayesema alivunja kanuni kwa makusudi atakuwa amesema kweli, na ndiyo maana naiita hoja: mtu mwenye hasira hupiga ukuta popote, huyu aligonga pale pale penye ufa.

Mfumo wa 6.0 haukudumu sana. Mwaka 2002, Salt Lake City, ilifichuka kashfa ya majaji kwenye mashindano ya wachezaji wawili wawili, na baada yake ukaletwa utaratibu wa kuhesabu kila mruko na kila mzunguko peke yake. Januari 2024, kwenye ubingwa wa Ulaya mjini Kaunas, Mfaransa mwingine, Adam Siao Him Fa, alipiga kichwangomba wazi wazi, akakatwa alama mbili na bado akachukua dhahabu. Miezi michache baadaye chama cha kimataifa cha mchezo huo kiliondoa marufuku. Bonaly alikuwa na miaka 50, na kwenye kumbukumbu za Nagano bado ni wa 10.