Samaki Mmoja Akioza

Wazee wetu wametuachia methali: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Nyumbani ina faida yake, mzazi anapomwonya mwanawe na marafiki wabaya. Lakini ikiingia mahakamani, methali hii huua. Na tuitazame khabari ya Chauri Chaura, katika wilaya ya Gorakhpur, kaskazini ya Bara Hindi.

Mwaka 1922 Wahindu na Waislamu wa huko walikuwa bega kwa bega kuupinga utawala wa Kiingereza. Gandhi aliwataka watu wasishirikiane na serikali, lakini wasimdhuru mtu. Waislamu nao walikuwa katika harakati za kuutetea Ukhalifa wa Uturuki. Siku chache kabla ya tarehe 4 Februari, mkuu wa kituo cha polisi alimpiga Bhagwan Ahir, askari mstaafu aliyekuwa mmoja wa wanaharakati. Tarehe hiyo umati ukaandamana mpaka kituoni. Polisi wakapiga risasi, watu wakafa. Umati ukaghadhibika, ukawavurumishia polisi mawe hata wakakimbilia ndani, kisha ukakitia kituo moto. Askari zaidi ya 20 waliuawa. Gandhi alisikitika mno, na tarehe 12 Februari harakati zikasimamishwa nchi nzima.

Ikaja zamu ya sheria. Watu zaidi ya 200 walishitakiwa kwa mauaji na kuchoma moto. Mmoja wa waliokuwamo, Mir Shikari, alisamehewa ili atoe ushahidi juu ya wenzake. Januari 1923 jaji wa Gorakhpur aliwahukumu watu 172 kunyongwa. Hebu fikiri, ndugu msomaji: vitanzi 172 kwa hukumu moja!

Rufani ilitetewa na Pandit Madan Mohan Malaviya. Alikuwa na umri wa miaka 61, na uwakili alikwisha kuuacha miaka mingi nyuma, akishughulika na siasa na Chuo Kikuu cha Banaras alichokiasisi. Alikuwa Mhindu mshika dini yake hasa, na miongoni mwa aliowatetea walikuwamo Waislamu.

Kazi ya wakili katika kesi ya namna hii ni nzito. Hawezi kusema kwamba kituo hakikuungua, wala kwamba wajane wa askari hawakulia. Lililobaki ni kuuliza: huyu, mwenye jina hili, alifanya nini? Nani alimwona? Na shahidi wa pili yuko wapi? Maana mtu anayeiokoa shingo yake kwa kuwataja wenzake ana sababu ya kuwataja wengi.

Mwezi wa Aprili 1923 Mahakama Kuu ya Allahabad ilitoa hukumu yake. Watu 19 walithibitishiwa kunyongwa, wakanyongwa mwezi wa Julai. Miongoni mwao Bhagwan, Nazar Ali, Lal Muhammad na Abdulla. Watu 110 waliepushwa na kitanzi wakafungwa. Na 38 waliachiwa huru kabisa. Watu hao 38, lau hakupatikana wa kuwasemea, wangelikwisha kuzikwa au kuchomwa pamoja na wengine, na dunia ingewaita wauaji.

Wako wasemao kwamba anayemtetea mshitakiwa wa kosa kubwa analipenda kosa lenyewe. Sivyo. Kosa likizidi ukubwa, ghadhabu nayo huzidi. Na ghadhabu haina macho ya kupambanua. Hapo ndipo mtetezi anapohitajiwa zaidi.

Nasi tujitazame. Kitu kikipotea nyumbani, wa kwanza kushikwa ni mtumishi. Mtaani ikipigwa kelele ya mwizi, mikono huinuka kabla ya swali. Nani kati yetu amewahi kusimama akauliza, "Mmemwona kwa macho yenu?"

Mvuvi mwenye akili akisikia harufu hautupi mtungo mzima. Huwashika samaki mmoja mmoja, akawanusa. Ikiwa twamfanyia hivyo samaki, basi mwanadamu astahili zaidi.