Kuhesabu Mapigo ya Moyo: Historia ya Kipimo cha Hatari

Kwa karne nyingi matabibu wa Ulaya walishika kifundo cha mkono wa mgonjwa ili kutambua kama mapigo ni yenye nguvu au dhaifu, lakini ni wachache waliohesabu idadi yake. Mwaka 1707 John Floyer, daktari wa Lichfield nchini Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu saa aliyotengenezewa mahsusi, iliyokwenda kwa dakika moja tu, hivyo kasi ya mapigo, yaani idadi yake kwa dakika, ikaweza kuandikwa kwa tarakimu. Mwaka 1785 William Withering, aliyetibu kwa mmea wa dijitalisi unaopunguza kasi hiyo, alionya kwamba dozi iliyozidi huleta kichefuchefu, humfanya mgonjwa aone vitu kuwa vya kijani au manjano, na huweza kushusha mapigo hadi 35.

Katika karne ya 20 ilieleweka kwamba moyo unaokwenda mbio huhitaji oksijeni zaidi, ilhali muda wa kulegea, ambamo ateri zake hupata damu, hufupika. Mwaka 2008 utafiti wa kimataifa ulionyesha kuwa, miongoni mwa wagonjwa wa ateri za moyo wenye ventrikali ya kushoto iliyodhoofika, waliokuwa na mapigo 70 au zaidi wakiwa wamepumzika walikabiliwa na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa iliyozidi kwa asilimia 34. Hata hivyo, dawa ya ivabradini, iliyopunguza kasi hiyo katika utafiti huohuo, haikupunguza vifo.